Vifaa vya Kumsaidia Dereva: Tuvijue na Tuvidai



Wengi wetu huenda kazini kwa lori la shamba, basi la kiwanda au teksi. Uhai wetu umo mikononi mwa dereva, naye ni mfanyakazi mwenzetu. Kwa hiyo yafaa sote tujue vifaa vilivyomo katika magari ya siku hizi, namna vinavyotulinda, na mahali ambapo haviwezi kutulinda.

Kwanza ni breki zisizokwamisha magurudumu, ambazo mafundi huziita ABS. Mercedes-Benz walianza kuzitia katika magari yao mwaka 1978. Katika gari lisilo nazo, dereva akikanyaga breki kwa nguvu kwenye lami yenye maji, magurudumu hukwama, gari huteleza, na usukani hautii. ABS hupima mzunguko wa magurudumu; likitaka kukwama moja, breki hulegezwa na kukazwa tena mara nyingi kwa sekunde. Hivyo dereva aweza kukanyaga breki na huku akikata kona. Pedali ikitetemeka mguuni, huo si ubovu. Asiondoe mguu, wala asikanyage na kuachia kama madereva walivyofundishwa zamani. Lakini kwenye changarawe gari lenye ABS laweza kwenda mbali zaidi kabla ya kusimama. Huko dawa ni mwendo wa pole.

Pili ni kifaa cha kuzuia gari lisiyumbe, kilichoanza mwaka 1995. Gari likitaka kuacha njia kwenye kona, chenyewe hufunga breki ya gurudumu linalohitajika na kulirudisha.

Tatu ni breki zinazojifunga zenyewe. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Dereva akisinzia sekunde mbili, limekwenda mita 44 bila mwongozo. Kamera au rada huona kizuizi mbele, humwonya dereva, na asipofanya kitu hufunga breki. Uchunguzi wa Marekani umeonyesha kwamba breki hizi hupunguza kwa karibu nusu ajali za kugonga gari la mbele. Katika Umoja wa Ulaya, tangu Julai 2024 kila gari jipya lazima liwe nazo.

Hapa Uganda magari mengi hutoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika. Sheria ya mwaka 2018 ilikataza kuingiza yenye umri wa miaka 15 au zaidi. Lakini kifaa kisichotunzwa ni pambo tu. Kamera iliyojaa tope haioni. Na hakuna kifaa cha kutegemea pale dereva anapopita gari jingine bila kuona mbele. Oktoba 2025, katika barabara ya Kampala–Gulu wilayani Kiryandongo, mabasi mawili yaliyokuwa yakipita magari mengine yaligongana, na watu zaidi ya 40 wakafa.

Basi katika mapatano yetu na waajiri tudai haya:

1. Taa ya onyo la breki ikiwaka, gari lisibebe watu mpaka litengenezwe. Kung'oa balbu si matengenezo.

2. Kioo cha mbele chenye kamera kikibadilishwa, kamera ipimwe upya.

3. Dereva apewe saa za kutosha za kupumzika.

4. Dereva anayekataa kuendesha gari bovu asiadhibiwe.

Dereva akikataa peke yake atafukuzwa. Tukikataa sote, gari litatengenezwa.