Kitabu na Filamu Yake Vikae Rafu Moja

Uko mtindo wa riwaya ambao wazee wengi huudhania kuwa ni mchezo wa watoto. Hadithi nzima husimuliwa kwa michoro, ukurasa baada ya ukurasa, na maneno ya wahusika huandikwa ndani ya viputo. Sisi tumezoea kuita vitu hivi katuni, na jina hilo limetosha kuviweka nje ya mlango wa maktaba. Waliokuwa wakinunua gazeti la Sani kwa ajili ya vituko vya Ndumilakuwili walilisoma vibarazani, si mbele ya mkutubi.

Rai ya safu hii ni kwamba riwaya za michoro zipewe nafasi katika rafu za vijana, na pale ambapo riwaya imegeuzwa filamu, viwili hivyo viwekwe pamoja. Mfano ulio bora, kwa maoni yetu, umetoka Cote d'Ivoire.

Marguerite Abouet alizaliwa Abidjan mwaka 1971, akahamia Ufaransa akiwa na umri wa miaka 12. Mwaka 2005, akishirikiana na mchoraji Clément Oubrerie, alitoa juzuu ya kwanza ya Aya de Yopougon, na mwaka uliofuata ikatunukiwa zawadi ya kitabu cha kwanza katika tamasha la katuni la Angoulême. Juzuu ya sita ilitoka mwaka 2010, ya saba mwaka 2022. Filamu ya katuni ilitoka mwaka 2013, na walioiongoza ni hao hao wawili. Jambo hilo si la kawaida. Aghalabu kitabu kikishauzwa kwa watengenezaji wa filamu, mwandishi hubaki kumtazama mwanawe akilelewa na jirani.

Hadithi yenyewe ni ya mwaka 1978, katika mtaa wa Yopougon, wakati kahawa na kakao zilipokuwa zikiijaza hazina ya nchi ile na watu wakiamini kwamba neema haitakwisha. (Sisi watu wa karafuu hatuhitaji kuelezwa zaidi.) Aya, binti wa miaka 19, anataka kusomea udaktari. Baba yake, aliyeajiriwa katika biashara ya bia, angependelea aolewe na Moussa, mtoto wa tajiri wake, Bwana Sissoko. Rafiki zake, Adjoua na Bintou, fikira zao ziko kwenye dansi, na usiku uwanja wa soko hugeuka kuwa mahali pa miadi ya siri. Adjoua anapata mimba. Moussa anatajwa kuwa ndiye baba, harusi inafungwa kwa haraka, na mtoto anapozaliwa kila mwenye macho anaona kwamba sura ile si ya akina Sissoko.

Tayari tunamsikia mzazi akiuliza: bia, dansi na mimba, mnataka kumsomesha hayo mtoto aliyetoka chuoni juzi? Swali hilo ni la haki, nasi hatulidharau. Lakini mimba za wanafunzi hazikuletwa na vitabu. Huko Tanzania Bara ilisubiriwa hadi Novemba 2021 ndipo Serikali ikatangaza kwamba msichana aliyeacha masomo kwa sababu ya ujauzito aweza kurejea katika shule ya kawaida. Jambo hilo lilijadiliwa kwa miaka katika vikao vya wakubwa, ilhali wasichana wenyewe hawakuwa na mahali pa kulisoma kwa lugha ya rika lao. Abouet hahubiri. Anaonyesha tu jinsi wazazi wanavyokimbilia kuificha aibu, na jinsi Aya, asiyehusika kabisa, anavyojikuta akimlea mtoto wa mwenziwe huku vitabu vyake mwenyewe vikimngoja. Msichana wa kidato cha tatu ataelewa bila ya kuambiwa.

Filamu haifiki saa moja na nusu, nayo imebeba juzuu mbili za kwanza tu. Faida yake ni kwamba ina muziki, ina lafudhi ya Abidjan, na itamvuta kijana ambaye hajapata kumaliza kitabu hata kimoja. Kisha inakwisha, naye atataka kujua yaliyofuata, na yaliyofuata yamo kitabuni. Tena huko mwishoni mwa juzuu zile mna kurasa ambazo msomaji wa hapa atazifurahia mno: maana za maneno ya mitaani, namna ya kufunga kitambaa kiunoni, namna ya kutengeneza kinywaji cha tangawizi na mchuzi wa karanga. Binti wa Makunduchi ataona kwamba Yopougon si mbali kama ramani inavyodai.

Kizuizi kilichopo ni lugha. Filamu ni ya Kifaransa, na kitabu hupatikana kwa Kifaransa na Kiingereza. Baraza la Kiswahili la Zanzibar lina uwezo wa kusimamia tafsiri ya juzuu hizo mbili, pamoja na maandishi ya Kiswahili chini ya picha za filamu, baada ya kuomba idhini ya wenye haki. Hatudhani kwamba mwandishi mwenyewe atakuwa mgumu: ameasisi chama kiitwacho Des livres pour tous, kinachoanzisha maktaba za watoto na vijana katika mitaa ya Abidjan.

Maofisa wa elimu wanapoandaa makadirio ya maktaba za Unguja na Pemba, gharama ya tafsiri hiyo na ya nakala za kutosha iandikwe katika fungu lake, badala ya kungojea masanduku ya misaada, ambamo vitabu huchaguliwa na watu wasiomjua msomaji wa Wete wala wa Kizimkazi.