Kapolowe: Kitanda cha kuhama kinataka buloni, si misumari

Barabara ya taifa namba 1, inayotoka Lubumbashi kwenda Likasi na Kolwezi, inapita Kapolowe. Juu ya malori, katikati ya magunia ya makala, huonekana vitanda na makabati ya familia zinazohama. Kitanda kilichopigwa misumari kinasafiri kizima na kinakula nafasi ya mizigo mingine. Kikikataa kupita mlangoni, nyundo inaingia kazini, na mara nyingi safari ya pili inakigeuza kuni.

Swali la kumuuliza seremala kabla hajakata mbao ni hili: vipande vitashikana kwa kitu gani?

Visi ya mbao ni ya bei ndogo, lakini kila inapofunguliwa na kurudishwa inakula kidogo tundu lake. Ile inayoingia kwenye ncha ya ubao, kufuata nyuzi za mti, inashika vibaya tangu siku ya kwanza. Kwa kitu kitakachofunguliwa mara nyingi, afadhali chuma kishike chuma: buloni na ekru yake.

Kwa kitanda, buloni ya unene wa milimita 8, ile inayofungwa kwa ufunguo namba 13, inatosha. Inatoboa mguu, inaingia katika ubao wa ubavuni kufuata urefu wake, na humo inakutana na ekru ya mviringo, yaani kipande kifupi cha fimbo ya chuma chenye tundu ubavuni. Isipopatikana dukani, seremala anachonga kishimo upande wa ndani wa ubao na kuweka ekru ya kawaida pamoja na rondele pana. Kuna kitu ambacho fundi mwenye haraka hukiruka: ulimi mfupi wa mbao kwenye ncha ya ubao, unaoingia ndani ya mguu. Buloni kazi yake ni kuvuta. Uzito wa walalaji unabebwa na ulimi. Ukikosekana, tundu linapanuka na kitanda kinaanza kulia usiku.

Kulabu za bati nene zinapendwa kwa sababu hazihitaji ufunguo, na uzito wa mtu unazidi kuzikaza. Lakini zenyewe zimefungwa kwa visi, basi udhaifu ni ule ule, hasa kitanda kikiinuliwa au kuburutwa.

Makabati ya dukani, ya chembe za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi, ni habari nyingine. Vifungo vyake vidogo vya kuzungusha nusu duara vinavumilia kufunguliwa mara chache tu. Ubao huo ukilowa mvua unavimba, na tundu halirudi kama lilivyokuwa. Kwa nyumba ya kupanga, hasara hiyo ifikiriwe wakati wa kununua.

Mti nao una neno lake. Mulombwa hautembei sana kati ya mvua na kiangazi. Mikaratusi iliyopasuliwa mbichi inasinyaa na kujipinda. Kwa hiyo kichwa cha buloni kibaki mahali ufunguo unafika, ili kikazwe tena mvua zinapokwisha.

Saizi iwe moja kwa kitanda chote. Pembe 4, buloni 2 kila pembe: buloni 8 na ufunguo mmoja, ndani ya mfuko uliofungwa kwenye ubao wa kichwani kabla gari halijaondoka.