Usimwachie Mbwa Mzee Kazi ya Kufunza

Boma lenyewe liko upande wa Kanyamkago ya Kati, hatua chache kutoka barabara kuu ya Kisii kwenda Migori. Nilikuwa nimeitwa kumtazama ndama anayehara, lakini walionishika macho ni mbwa. Walikuwa watatu: Simba, dume wa miaka kumi aliyekwisha kuota mvi mdomoni, Bosco, wa miaka minne, kifua kipana na miguu mirefu, na mtoto wa wiki tisa hivi ambaye hata jina alikuwa hajapewa. Bodaboda ilipopita, Simba aliinuka kwa shida akabweka. Bosco alikuwa amefika barabarani zamani. Nyuma yake, akijikwaa kwenye nyasi, yule mdogo naye alikuwa mbioni kuelekea lami.

"Jaduong'," nikamuuliza mzee mwenye boma, "huyu mdogo anafunzwa na nani?"

"Ah, daktari, huyo atafunzwa na wakubwa wake. Kazi yangu mimi ni kuwapa ugali."

Wakubwa wake walikuwa wanamfunza kweli, na somo la asubuhi hiyo lilikuwa kukimbiza pikipiki. Nimekwisha kuona mbwa wengi wakiokotwa kando ya barabara ile, na wengi wao ni wachanga waliomfuata mkubwa. Mkubwa anajua kukwepa gurudumu linapomkaribia. Mdogo hajui.

Hii imani kwamba mbwa mzee atamlea mdogo ina ukweli ndani yake, ndiyo maana haifi. Mtoto wa mbwa akitembea na mkubwa aliyetulia, hujifunza haraka kutoogopa ng'ombe, kurudi nyumbani jioni, kunyamaza mgeni anapokaribishwa. Lakini mkubwa hachagui cha kumwonyesha. Mazuri na mabaya yake yanapita kwa mdogo yote kwa pamoja, na mabaya hupita upesi zaidi kwa sababu yana utamu: kukimbiza pikipiki, kuiba mayai, kufuata kuku wa jirani. Jambo moja ambalo mbwa hawezi kabisa kumfunza mwenzake ni kumsikiliza mtu. Hilo lazima litoke kwa mtu.

Kwetu hapa mbwa wenye mbio walikuwa wa kuwinda. Wazee wa rika la huyu jaduong' bado wanasimulia jinsi vijana walivyotoka alfajiri na mbwa kutafuta sungura na kanga. Mwaka 1977 Kenya ilipiga marufuku uwindaji, na sheria ya wanyamapori ya 2013 imeendelea kuukataza. Mbwa, hata hivyo, hawakubadilika miguu wala pua. Huyo huyo aliyezaliwa kukimbia sasa anatakiwa kufukuza tumbili kwenye mahindi na miwa, kumtisha nguchiro anayevizia vifaranga, na kutembea na ng'ombe malishoni bila kuwararua. Kazi hizi zinahitaji mafunzo mengi kuliko uwindaji, maana mbwa anatakiwa kukimbiza kisha aache. Kumfukuza tumbili shambani ni jambo moja. Kumtuma mbwa amkamate na kumuua ni kosa la kisheria. Na anayekaa karibu na mbuga ya Ruma, kule Lambwe, mbwa wake wasitie mguu ndani hata kidogo. Ndiyo mbuga pekee nchini Kenya anakoishi swala aitwaye korongo.

Kwa hiyo boma lenye mbwa wengi linahitaji walimu wangapi? Mwalimu ni mmoja, wewe, na kila mbwa apewe saa yake.

Tuanze na mdogo. Samaki mkunje angali mbichi, na kwa mbwa ubichi huo una tarehe zake. Wanasayansi wawili wa Marekani, John Paul Scott na John L. Fuller, walifuga na kupima mamia ya mbwa kwa miaka mingi katika maabara ya Bar Harbor, jimbo la Maine, wakachapisha kitabu chao mwaka 1965. Kati ya aina tano walizotumia, moja ilikuwa basenji, mbwa wa kuwinda wa Kongo, ambaye ni ndugu wa karibu zaidi na mbwa wetu wa kijijini kuliko wale wengine wanne. Watoto wa basenji wakiwa na wiki tano walimkimbia mtu na kumng'ata. Waliposhikwashikwa kila siku walizoea upesi sana. Katika maabara hiyo hiyo, watoto wa mbwa waliokaa hadi wiki 14 bila kuguswa na mtu walikuwa karibu hawafugiki tena. Mlango wa kumzoea mtu hufunguka kwenye wiki ya tatu hivi na kuanza kufungwa kwenye ya 12 hadi ya 14. Mtoto wa wiki tisa anayeachwa acheze uani na mbwa wenzake tu, anaupita mlango huo bila kumjua bwana wake.

Dakika kumi kwa siku zinatosha. Mtenge na wakubwa, mpeleke nyuma ya nyumba, omena wachache wakavu mfukoni. Mwite jina lake mara moja tu. Akigeuka, omena mmoja papo hapo. Ukichelewa hata kuhesabu tatu, atakuwa amekwisha kunusa kitu kingine na atadhani analipwa kwa kunusa. Akijibu jina, ongeza filimbi: milio miwili mifupi, kisha jina, kisha omena. Baada ya wiki moja ondoa jina, baki na filimbi. Sauti ya mtu hubadilika akikasirika, na filimbi haina hasira. Ndiyo maana mbwa aliyefunzwa filimbi hurudi hata siku ambayo bwana wake anatetemeka kwa ghadhabu kwa sababu ya ng'ombe walioingia shamba la watu.

Baadaye mzoeze makelele: pikipiki iliyosimama, halafu iliyowashwa, halafu inayopita mbali. Kila inapopita, akutazame wewe, ale.

Waliochukua watoto wawili wa mbwa kwa mpigo wawe waangalifu zaidi. Nilipokuwa kijana nyumbani tulilea ndugu wawili, wanakula pamoja, wanalala pamoja, na hakuna aliyewatenganisha hata siku moja. Walipendana mno. Sisi tuliwaita, nao wakatazamana.

Yule wa makamo, Bosco, ndiye mgumu. Mbwa wa miaka minne aliyekimbiza pikipiki mara mia amelipwa mara mia, kwa sababu kila pikipiki aliyoikimbiza iliondoka. Kwa hesabu yake, ameshinda zote. Kumpiga akirudi kunamfunza kutorudi, basi. Huyu afungwe kamba ya katani ya mita kumi kila anapokuwa karibu na barabara, kwa miezi, asipate tena ushindi hata mmoja, na wakati huo huo apewe mbio nyingine yenye faida. Mbwa wanaonusa pembe za ndovu katika bandari ya Mombasa hufanya kazi hiyo ngumu kwa ajili ya kuchezea mpira tu. Kwa Bosco, gunzi la mahindi lililofungwa kwa kitambaa linatosha. Tupa, alete, mpe omena, tupa tena. Fanya hivyo saa kumi na mbili asubuhi, kabla jua halijapanda. Mbwa hutoa joto kwa kuhema, na mbio za saa sita mchana zinaweza kumuua hata kama ana nguvu kama Bosco.

Mdogo asiingizwe kwenye mbio hizo. Mifupa yake ina sehemu laini kwenye ncha, pale inaporefukia, na hizo hukaza akifikisha mwaka hivi, au zaidi kwa mbwa wakubwa. Kumkimbiza nyuma ya baiskeli hadi sokoni akiwa na miezi mitano ni kumharibia miguu ya uzeeni.

Sasa chakula, ambacho jaduong' alidhani ndiyo kazi yake nzima. Sufuria moja katikati ya ua maana yake Bosco anakula, Simba anasubiri, mdogo analamba ukingo. Vyombo vitatu, kona tatu, na mtu asimame hapo mpaka wamalize. Mdogo ale mara tatu au nne kwa siku hadi miezi minne, wakubwa mara mbili. Ugali peke yake haujengi misuli. Omena wa ziwani ni chakula kizuri, na mgongo wazi wa samaki pia, mradi uchemshwe mpaka mifupa ivunjike kwa vidole. Mifupa ya kuku iliyopikwa, hapana. Na mahindi yaliyoota ukungu, yale mama wa nyumba amekataa kupeleka posho mill akasema "hayo ni ya mbwa", nawasihi msiwape. Sumu ya ukungu ule huharibu ini. Mwaka 1977 na 1978 mbwa na kuku wengi walikufa Nairobi, Mombasa na Eldoret kwa chakula kilichoota ukungu. Mwaka 2004 sumu hiyo hiyo iliwashika watu huko Ukambani: wagonjwa 317, na 125 kati yao wakafa. Chakula kisichofaa mtu kwa sababu hiyo hakimfai mbwa.

Dawa nazo hutolewa kwa kila mbwa peke yake. Minyoo: mdogo aanze akiwa na wiki mbili, arudie kila wiki mbili hadi wiki nane, kisha kila mwezi hadi miezi sita; wakubwa kila miezi mitatu. Kipimo ni uzito wa mbwa, na mizani ya sokoni inatosha. Sindano ya ivamektini ya ng'ombe ni kali mno kwa mwili mdogo. Tone la kukisia linaweza kumlaza mtoto asiinuke. Dawa ya josho vilevile, usimwogeshee mtoto ile uliyochanganya kwa ajili ya ng'ombe.

Kuhusu kichaa cha mbwa sina upole wowote. Mtu wa kwanza kuripotiwa kuugua nchini Kenya, mwaka 1928, alikuwa mwanamke wa ukanda huu wetu wa Ziwa Victoria. Karibu miaka mia imepita, na mkakati wa taifa wa 2014 hadi 2030 ungali unapigania kukomesha vifo hivyo. Ugonjwa ukishaonyesha dalili kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Chanjo ni katika miezi mitatu, kisha kila mwaka, mbwa wote wa boma, na Simba pia; uzee haumkingi. Tukifikia mbwa 70 kwa kila 100, ugonjwa hukosa njia. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama mbwa ni wake mwenyewe.

Ugonjwa wa distempa huwavamia zaidi wachanga, lakini hauishii bomani. Mwaka 1994 uliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti, na virusi vilifuatiliwa hadi kwa mbwa wa vijiji vya jirani. Upande wa Lambwe kuna mbung'o, na malale humpata mbwa pia. Ukiona jicho limegeuka kuwa na wingu la samawati na mbwa anakonda huku anakula, usingoje.

Yule mbwa mzee, Simba, alihitaji machache. Viungo vilikuwa vinamuuma, na kijana wa boma alikuwa amemnunulia vidonge vya maumivu vya watu. Nilivichukua. Ibuprofeni na diklofenaki hutoboa tumbo la mbwa na kuangusha figo. Zipo dawa zake, kwa daktari wa mifugo. Nikaomba gunia kavu kivulini, mahali mdogo asipoweza kumrukia, na matembezi mafupi jioni. Matembezi hayo ndiyo wakati pekee niliokubali mdogo atoke naye, kwa sababu Simba wa jioni hana nguvu ya kufukuza chochote.

Nilipita tena baada ya wiki sita. Mdogo alikuwa amepewa jina, Rafiki, na bodaboda ilipopita aligeuza kichwa kumtafuta jaduong' kabla sijatambua kwamba mkono wa mzee huyo ulikuwa umekwisha kuingia mfuko wa koti. Bosco bado. Siku mbili kabla alikuwa ameitafuna kamba akaikata, akafika barabarani, akapata pikipiki moja. Jaduong' alikuwa amekaa kwenye kigoda, anaifunga upya kwa fundo kubwa, Bosco amelala miguuni pake akiitazama lami.