Warsha za Waandishi: Vyeti Tele, Miswada Haisomwi

Wiki iliyopita nililetewa barua ya mwaliko. Waandalizi wa warsha moja ya waandishi chipukizi walinitaka niwe miongoni mwa walimu watakaowafunza vijana arubaini siri za utunzi kwa muda wa siku tatu. Barua yenyewe ilikuwa na adabu zote. Ilitaja hoteli, ikataja nauli na marupurupu, ikataja na vyeti vitakavyotolewa siku ya kufunga. Niliisoma mara mbili nikitafuta neno moja tu, na sikuliona. Neno hilo ni mswada.

Sijaijibu barua hiyo. Kabla sijaijibu, namwomba msomaji anivumilie nimsimulie habari ya deni nililo nalo, kwani deni hilo ndilo lililouzuia mkono wangu kuishika kalamu.

Miaka kadhaa iliyopita nilialikwa kufunza katika warsha kama hiyo, kwenye mji mmoja wa magharibi mwa nchi yetu. Katika safu ya nyuma aliketi binti mmoja aliyepakata mkoba wa kitambaa. Ndani ya mkoba mlikuwa na madaftari mawili makubwa, na ndani ya madaftari mlikuwa na hadithi ndefu aliyoiandika kwa mkono wake mwenyewe. Siku ya kwanza tulimfunza, yeye na wenzake, habari za msuko, wahusika, mandhari na maudhui. Siku ya pili tukawafunza vina na mizani, na tukavumbua upya ule ugomvi wa zamani baina ya wanamapokeo na wanaoandika mashairi huru. Siku ya tatu tukawaeleza jinsi vitabu vinavyochapishwa, tukapigwa picha ya pamoja, tukagawa vyeti. Kila chai ilipoletwa, binti yule alimwendea mmoja wetu akiwa na mkoba wake, na kila mmoja wetu alimwambia asubiri kwanza kipindi kiishe. Mimi nilimwambia hivyo mara mbili.

Wakati wa kuagana aliniuliza, "Mwalimu, sasa haya madaftari ni nani atakayeyasoma?" Nikampa anwani yangu nikamwambia ayatume. Aliyatuma. Yalikaa rafuni mwangu zaidi ya mwaka mmoja.

Siku nilipoyafungua nilifika sura ya tatu nikasimama. Mlikuwa na mama aliyepiga foleni kwenye mashine ya kusaga unga, akizihesabu sarafu zake kwa kidole gumba ndani ya ngumi iliyofumbwa, ili majirani wasione jinsi zilivyokuwa chache. Ningeiandika mimi sehemu hiyo ningejivuna. Baada ya hapo hadithi ilipotea njia. Iliingia ajali ya barabarani, ukaingia ugonjwa wa baba, ikaingia ndoto ndefu, kwa sababu hapakuwa na mtu aliyemwambia mwandishi kwamba mama yule na ngumi yake walitosha. Maneno hayo yangechukua nusu saa, tena wakati wa chai. Nilimwandikia kumweleza. Jibu lake lilikuwa fupi na lenye heshima: alishukuru, akasema amepata kazi dukani na mambo ya kuandika ameyaacha, na kwamba madaftari nikitaka niyatunze au niyatupe ni shauri yangu. Ninayo hadi leo.

Sielezi haya ili nionewe huruma. Nayaeleza kwa kuwa naamini kuwa binti yule hakuwa peke yake. Semina na warsha za waandishi, wachoraji, waigizaji na wanamuziki zimekuwa nyingi mno katika nchi hii, na ni jambo la kushukuriwa. Lakini nyingi kati yazo zimegeuka kuwa mikutano ya kuizungumzia kazi badala ya kuifanya. Wahenga walisema kwamba elimu bila amali ni kama nta bila asali, na sisi tumekuwa hodari wa kugawa nta.

Hebu mtazame fundi wa kuchonga milango kule Lamu. Mwanagenzi wake hapewi mhadhara juu ya patasi. Hupewa ubao na patasi yenyewe, akachonga, akakosea, na fundi akamwonyesha kwa kidole mahali alipozamisha mno. Kesho yake hupewa ubao mwingine. Sijapata kusikia fundi wa nakshi aliyefuzu kwa siku tatu za kusikiliza sifa za nakshi.

Washairi wetu walilielewa jambo hili zamani. Tangu zama za Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mnamo 1840, shairi lilijibiwa kwa shairi, na aliyekosea aliambiwa kosa lake mbele ya watu. Sheikh Kaluta Amri Abedi alipotoa kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, hakutoa sheria peke yake. Alizichapisha pamoja na diwani yake katika jalada moja, ili anayesomeshwa aweze kuipima kazi ya msomeshaji kwa mizani ile ile. Nazo kurasa za mashairi katika magazeti ya Kiswahili zimekuwa warsha isiyofungwa: mtu hutunga akiwa Siaya, akajibiwa na mtu wa Kwale ambaye hawajaonana, na wote wawili wakaimarika.

Huenda msomaji akaniuliza iwapo nazipinga semina kwa jumla. La hasha. Mkutano mmoja unaweza kubadili historia ya fasihi, na mfano wake tunao hapa hapa Afrika Mashariki. Mwezi Juni 1962 waandishi wa Kiafrika walikutana Makerere, jijini Kampala. Miongoni mwa waliohudhuria alikuwamo mwanafunzi wa chuo hicho aliyejulikana wakati huo kwa jina la James Ngugi, ambaye sisi tulimjua baadaye kama Ngugi wa Thiong'o, na ambaye alituaga mwezi Mei 2025. Kijana huyo alikuwa na mswada. Alimpa Chinua Achebe, ambaye tayari alikuwa mwandishi mwenye jina, naye Achebe akausoma na kumpa maoni yake. Mwaka 1964 mswada ule ulitoka kuwa riwaya, nayo ni Weep Not, Child. Mijadala mingi ya mkutano ule leo hukumbukwa na wataalamu tu. Mswada uliotoka mkono mmoja ukaingia mkono mwingine unakumbukwa na ulimwengu.

Lakini mkutano huo huo unatufunza na jambo la pili, lenye uchungu. Uliitwa mkutano wa waandishi wa Kiafrika wanaoandika kwa Kiingereza. Kwa ajili hiyo Shaaban Robert, aliyekuwa ameiandikia Afrika Mashariki tenzi, insha na riwaya kwa Kiswahili, hakuwa na kiti pale. Alifariki dunia mwezi uo huo wa Juni 1962. Ngugi mwenyewe aliueleza upungufu huo baadaye, katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu lugha katika fasihi ya Kiafrika. Nikumbukapo hayo huona ajabu kuhudhuria warsha za leo ambamo vijana huandika kwa Kiswahili ilhali mafunzo yote hutolewa kwa Kiingereza, na mifano yote huletwa kutoka ng'ambo. Utamrekebishaje mtu sentensi yake kwa lugha ambayo hakuiandikia?

Jibu la swali hilo lilipatikana Kamiriithu, huko Limuru. Mwaka 1977 wakulima na wafanyakazi wa kijiji hicho walifanya mazoezi ya mchezo wa Ngaahika Ndeenda, ulioandikwa kwa Kikuyu na Ngugi wa Thiong'o pamoja na Ngugi wa Mirii. Mazoezi yalifanyika mahali pa wazi, kila mpita njia akiona. Wazee walisahihisha maneno yaliyowekwa vinywani mwa wahusika wazee, na wafanyakazi wakaeleza jinsi kazi ya kiwandani ilivyo hasa. Maandishi ya wasomi yalitiwa mkono na watu ambao hawakuwahi kuitwa waandishi. Mchezo ulianza kuonyeshwa mwezi Oktoba mwaka huo, na mwezi uliofuata serikali ikauondolea kibali. Ngugi alitiwa kizuizini mwishoni mwa Desemba, na mwaka 1982 uwanja wenyewe wa maonyesho ukabomolewa. Hapakuwa na cheti hata kimoja kilichotolewa Kamiriithu, na hata hivyo sijui warsha iliyofunza zaidi katika nchi hii.

Najua hoja za waandalizi, na si hoja za kupuuzwa. Wafadhili huhesabu vichwa, na vijana arubaini kwenye picha hupendeza kuliko vijana wanane. Walimu wana shughuli zao, na kusoma miswada ni kazi ya usiku mwingi isiyokuwa na malipo. Tena mwandishi chipukizi ni mtu mpweke. Hata akiambulia tu kujua kwamba wako wengine wenye ugonjwa kama wake, hatakuwa amepoteza nauli. Yote hayo ni kweli. Lakini mpweke yule hakusafiri ili aondolewe upweke peke yake. Alisafiri na kazi mkononi, na kumrudisha nayo kwao bila kuifungua ni kumfunza kwamba kazi yake haina uzito.

Isitoshe, tunapokosa kuzisoma kazi zao, hatuna la kuwapa ila sifa za jumla. Tunawaambia kuwa wao ni vipaji, ni hazina, ni akina Shaaban Robert wa kesho. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kijana aliyesifiwa bila kusomwa hurudi nyumbani na cheti ukutani na makosa yake yale yale daftarini, kisha hushangaa wachapishaji wanapoukataa mswada wake bila kumweleza sababu. Nao wachapishaji wetu, ambao soko lao kubwa ni vitabu vya shule, hawana nafasi ya kumfundisha mtu kuandika.

Basi nini kifanyike? Kwanza, tiketi ya kuingia warshani iwe ni kazi. Mwandishi alete sura mbili, mshairi alete beti zake, mchoraji alete michoro, na zote ziwafikie walimu mwezi mmoja kabla ya kukutana. Jambo hili si geni: Tuzo ya Fasihi ya Kiswahili iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati na Cornell haikuuliza mtu ana cheti gani, bali iliuliza ana mswada gani. Pili, wanafunzi wawe wachache kiasi ambacho mwalimu ataweza kuketi na kila mmoja, mswada ukiwa kati yao, kalamu ikiwa mkononi. Tatu, mafunzo yatolewe kwa lugha ya kazi yenyewe. Nne, warsha isiishe siku ya picha. Baada ya miezi sita wale wale wakutane tena, hata kama ni chini ya mwembe, waonyeshane walichokifuta na walichokiongeza. Mambo haya hayahitaji hoteli. Ukumbi wa kanisa, darasa la shule wakati wa likizo, au maktaba ya mtaa vyatosha kabisa, na fedha za vitanda na karamu zikawalipe walimu kwa usiku wao wa kusoma.

Barua ile nitaijibu kesho. Nitawaambia waandalizi kwamba nitakuja, na marupurupu wakipenda wayapunguze, lakini nina sharti moja: miswada inifikie mapema. Iwapo kati ya vijana arubaini ni sita tu walio na kazi mkononi, waniandalie meza ya watu saba. Nami nitakwenda na madaftari yale mawili. Sina idhini ya kuyasoma hadharani, wala sitayasoma. Nitayaweka mezani mbele yangu, ili kila chai itakapoletwa niwe nayaona.