Ukipanda Farasi, Shuka Uzoe!

Jumapili mchana, ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta kule Bamburi, Mombasa, huwa umejaa pomoni. Wapo wanaoogelea, wapo waliokodi maboya ya mipira ya magari, na watoto wanachimba mashimo mchangani. Katikati ya umati huo hupita ngamia wa kukodishwa, na pengine hata farasi, wakiwa wamebeba watoto wanaopigwa picha. Mnyama akibanwa hujisaidia papo hapo na kuendelea na safari. Je, msomaji, ni nani atakayezoa?

Kwa ngamia shida si kubwa. Kinyesi chake ni vidonge vikavu, na mwenye ufagio huvimaliza mara moja. Kwa farasi kuna kazi. Farasi wa kilo 450 hivi huweza kutoa samadi ya kilo 15 hadi 20 kwa siku, tena kidogo kidogo, maana hula karibu kutwa nzima na tumbo lake ni dogo. Isitoshe, hujisaidia huku akitembea, na aliye mgongoni huenda hata asijue. Atakayejua ni yule anayekuja nyuma kwa miguu au kwa baiskeli.

Wapo wapanda farasi wanaojitetea kwamba hizo ni nyasi tu, si uchafu kama wa mbwa. Kuna ukweli hapo. Farasi hali nyama, na samadi yake ikiozeshwa miezi kadhaa hunawirisha sukumawiki ajabu. Lakini ikiwa mbichi ina mambo. Viini vya pepopunda huishi katika utumbo wa farasi, hutoka na kinyesi na huweza kukaa udongoni miaka mingi. Kukanyaga tu hakumdhuru mtu, kwani viini hivyo hupitia kwenye kidonda. Lakini ufuoni karibu kila mtu yuko pekupeku, na vipande vya chupa havikosekani! Mzazi, hakikisha mtoto amepata chanjo zake zote, zikiwemo zile za wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Akikatwa mguu, osha kidonda kwa maji mengi na sabuni, kisha umpeleke kliniki.

Miji mingine ilianza zamani kulishughulikia jambo hili. Mwaka wa 1895, George Waring alikabidhiwa usafi wa barabara za New York, wakati ambapo mizigo mingi ilivutwa na farasi. Wafagiaji wake walivalia sare nyeupe, na jiji ndilo lililowalipa. Hiyo ilikuwa haki, kwa kuwa farasi alimfanyia kazi kila mtu, kama punda wanavyowabebea watu wa Lamu mawe na mchanga hadi leo. Farasi wa matembezi ni wa starehe ya mtu mmoja. Kwa nini basi mfagiaji wa kaunti aongezewe kazi? Mjini Vienna, Austria, farasi wanaovuta magari ya watalii hufungiwa mfuko nyuma tangu 2004, na samadi haifiki chini.

Hapa kwetu si lazima tufike huko. Kwenye njia za misitu, kama Msitu wa Ngong Road jijini Nairobi ambako wapanda farasi hukutana na wanaotembea, inatosha kushuka, kumpa mwenzako hatamu, na kusukuma samadi kando ya njia kwa beleshi dogo. Ufuoni na kwenye njia za lami lazima ibebwe. Kuifukia mchangani ni kumtegea mtoto anayechimba. Barabarani penye matatu usishuke. Mpeleke farasi nyumbani kwanza, kisha urudi na toroli.

Beba gunia la katani. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku 2017, na plastiki za kutumiwa mara moja haziruhusiwi ufuoni wala misituni tangu Juni 2020. Gunia likijaa, wauzaji wa miche walio kando ya barabara wataipokea samadi hiyo, mradi iwe imekwisha kuoza.