Usikawie, haki ya mtoto ina saa yake

MTOTO akitimiza miezi minne na shingo yake bado inalegea, maneno huanza nyumbani, iwe ni Ganze, Marafa, Kilifi au Malindi mjini. Nyanya atasema ni nyuni. Jirani atanong'ona kwamba mama alivunja mwiko alipokuwa mjamzito. Upande wa mume utauliza ukoo wa mke una nini. Pesa za kwanza humwendea mganga, na miezi inapita.

Swali ambalo mara nyingi haliulizwi ni hili: siku ile ya kujifungua, hospitalini kulitokea nini?

Kuuliza hivyo si kumtafutia daktari ubaya. Wauguzi wengi wa pwani huzalisha akina mama wengi kwa zamu moja, na huokoa maisha kila siku. Lakini panapokuwa na uzembe, anayeumia ni mtoto atakayehitaji kulishwa, kubebwa na kutibiwa maisha yake yote. Gharama hiyo sheria haikusema aibebe mama peke yake.

Ubongo huumiaje?

Mtoto akiwa tumboni hupata hewa ya oksijeni kupitia kwa kondo la nyuma na kamba ya kitovu. Uchungu ukichukua muda mrefu kupita kiasi, kamba ikibanwa, au kondo likibanduka mapema, hewa hiyo hupungua. Ubongo hauwezi kustahimili kwa muda mrefu. Ukinyimwa oksijeni kwa dakika kadhaa, huanza kufa.

Mtoto wa namna hiyo huenda akazaliwa bila kulia, akashindwa kunyonya, au akapatwa na degedege katika siku mbili tatu za kwanza. Baadaye huja hali inayoitwa mtindio wa ubongo: viungo hukakamaa au kulegea, kuketi huchelewa, na pengine kifafa hufuata. Umanjano mkali wa mtoto mchanga usipotibiwa mapema kwa taa maalum, nao huweza kuharibu ubongo na masikio.

Hata hivyo, si kila mtindio wa ubongo umeletwa na mkunga. Kuna watoto wanaozaliwa kabla ya wakati, wengine huambukizwa wakiwa tumboni, na wengine huumia baadaye kwa homa ya uti wa mgongo au malaria inayopanda kichwani. Kilifi yenyewe inayajua haya vizuri, kwani watafiti wa KEMRI na Wellcome Trust wamekuwa wakiyachunguza katika hospitali ya huko tangu 1989. Kwa hiyo mzazi asiende mahakamani akiwa na hasira tu. Aende na ushahidi.

Uzembe ni nini mbele ya sheria?

Mlalamishi hutakiwa kuthibitisha mambo matatu. Kwanza, kwamba hospitali ilikuwa na wajibu wa kumtunza mama na mtoto. Hili si gumu, maana wajibu huanza mgonjwa anapopokewa. Pili, kwamba utunzaji ulishuka chini ya kiwango ambacho mtaalamu mwenye ujuzi wa kawaida angekifikia. Tatu, kwamba upungufu huo hasa ndio uliomdhuru mtoto.

Kipimo hicho cha pili kilitoka Uingereza, katika kesi ya Bolam ya 1957, na mahakama za Kenya bado hukitumia. Ni kipimo kigumu. Mwaka 1981 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza ilikataa madai katika kesi ya Whitehouse, ya mtoto aliyezaliwa na ubongo ulioumia baada ya daktari kujaribu kumvuta kwa koleo. Majaji walisema uzembe haukuthibitishwa. Matokeo mabaya peke yake hayatoshi.

Jambo la tatu ndilo huangusha wengi. Hospitali inaweza kukubali kwamba muuguzi alichelewa, kisha ikasema mtoto alikuwa ameumia tangu tumboni. Hapo ndipo mzazi anapohitaji daktari bingwa wa kutoa ushahidi, na daktari huyo naye huuliza jambo moja: karatasi ziko wapi?

Karatasi za siku ile

Katika chumba cha kuzalia, muuguzi anatakiwa kujaza chati ya uchungu inayoitwa partografu. Chati ya aina hiyo yenye mistari ya kuonya ilitengenezwa na madaktari Philpott na Castle katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe, wakaichapisha 1972. Huonyesha mlango wa uzazi unavyofunguka saa baada ya saa, na mapigo ya moyo wa mtoto, ambayo husikilizwa angalau kila nusu saa. Mapigo ya kawaida ni kati ya 110 na 160 kwa dakika.

Chati hiyo ni shahidi asiyesahau. Ikionyesha moyo wa mtoto ulianza kushuka saa nane usiku na upasuaji ukafanywa saa kumi na mbili asubuhi, hospitali ina maswali ya kujibu. Ikiwa wazi bila alama hata moja, hilo nalo ni swali. Na ikionyesha kila kitu kilifanywa kwa wakati wake, mzazi ataambiwa mapema asipoteze pesa zake kwa kesi isiyosimama.

Karatasi nyingine ni alama za Apgar ambazo mtoto hupewa dakika ya kwanza na ya tano baada ya kuzaliwa, barua ya rufaa kutoka zahanati, saa gari la wagonjwa lilipoitwa na lilipofika, na kijitabu cha kliniki cha mama na mtoto. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 humpa mwananchi haki ya kuomba nakala. Andika barua, peleka nakala mbili, na moja igongwe muhuri wa kupokewa ubaki nayo. Ofisi ya umma inatakiwa kujibu katika siku 21.

Saa inakimbia

Hapa ndipo familia nyingi hunaswa. Kesi ya uzembe dhidi ya hospitali ya kibinafsi inatakiwa kufunguliwa katika miaka 3. Dhidi ya Serikali, sheria inatoa miezi 12 tu. Tangu 2013 hospitali za Kilifi na Malindi ziko chini ya Serikali ya Kaunti, na mzazi mwenye busara atahesabu miezi 12 hiyo wala hatangoja kubishana.

Sasa tazama mtego wenyewe. Mzazi huanza kushuku mtoto asipoketi akiwa na miezi minane au tisa. Akizunguka kwa waganga miezi mitatu, mwaka umekwisha. Wala asijidanganye kwamba sheria itangoja mtoto afikishe miaka 18. Ipo njia ya ombi la kikatiba, ambalo halina muda maalum, lakini hata huko majaji huuliza sababu ya kukawia.

Njia hiyo ilimsaidia mama mmoja wa Bungoma aliyejifungulia sakafuni hospitalini 2013 na kutukanwa na wauguzi. Machi 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba haki yake ya heshima na ya afya ilivunjwa, akapewa fidia ya Sh2.5 milioni.

Pa kuanzia

Malalamiko dhidi ya daktari hupelekwa kwa Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, na dhidi ya muuguzi kwa Baraza la Wauguzi. Mabaraza haya huchunguza na kuadhibu, na matokeo yao yanaweza kusaidia kesi. Lakini kwenda huko hakusimamishi saa ya mahakama.

Kesi yenyewe hufunguliwa kwa jina la mtoto kupitia kwa mzazi. Hakimu mkuu anaweza kusikiliza madai yasiyozidi Sh20 milioni. Yanayozidi huenda Mahakama Kuu, ambayo ina kituo Malindi. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili aulize Kituo cha Sheria au FIDA, ambao wana ofisi Mombasa, au Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria iliyoundwa na sheria ya 2016.

Weka kila risiti: ya dawa, ya matatu kwenda mazoezi ya viungo, ya kiti maalum. Mahakama hairudishi gharama iliyotumika bila kuthibitishwa. Kando ya hizo, hupima maumivu ya mtoto, matibabu ya siku zijazo na mshahara wa mlezi.

Na ujiandae kwa safari ndefu. Nchini Scotland, Nadine Montgomery, mama mwenye kisukari ambaye hakuelezwa hatari ya kuzaa kwa njia ya kawaida, alijifungua 1999. Mwanawe alikosa hewa kwa dakika 12. Ushindi ulikuja 2015, pamoja na pauni milioni 5.25. Hapa kwetu, mwandishi Wahome Mutahi, aliyejulikana kama Whispers, alipoteza fahamu baada ya upasuaji mdogo mwaka 2003 na akafa miezi michache baadaye. Mjane wake alipata hukumu 2015.

Kwa hiyo mtoto asingoje kesi. Mwanzishe mazoezi ya viungo mapema, na umsajili kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Na baba, kabla hujamuuliza mkeo alikula nini au alikanyaga wapi, fuatana naye hospitalini mkaombe ile chati. Huenda ikawa ndiyo karatasi ya kwanza kumwondolea lawama.