Teksi Bila Dereva: Video Si Kibali

Kila ikitangazwa tarehe mpya ya teksi zisizo na dereva huko Dubai, vijana wa mtaa wa Ngagara, Bujumbura, wanaopanga kwenda Ghuba kuendesha teksi huja na swali lilelile, video ikiwa tayari kwenye simu: usukani unazunguka wenyewe, kiti kitupu, je, zitaanza kwa wakati? Video hiyo haijibu kitu. Inathibitisha kwamba gari moja lilipita barabara moja siku moja. Haioneshi safari zilizokatwa, wala nani atalipa likimgonga mtu. Google ilianza mradi wake wa magari yanayojiendesha 2009. Kampuni ya Waymo iliyozaliwa humo iliwafungulia watu wote wa Phoenix safari zisizo na mtu usukanini Oktoba 2020, na hao ndio waliotangulia. Aprili 2019 Elon Musk aliahidi kwamba mwaka unaofuata Tesla ingekuwa na teksi za aina hiyo zaidi ya milioni moja. Zilipoanza Austin, Juni 2025, zilikuwa chache, abiria ni waalikwa, na mfanyakazi wa kampuni ameketi mbele akiangalia. Huko nako ni kuanza? Mwenye tangazo atasema ndiyo, na hapo ndipo wengi wanaoweka dau kubashiri tarehe huliwa hela zao.

Wapo wanaosema Dubai si Marekani, serikali ikitamka imetamka. Hoja ina uzito, maana anayetoa kibali ndiye aliyetaja tarehe. Lakini Aprili 2021 mamlaka ya barabara ya Dubai ilisaini mkataba na kampuni ya Cruise: teksi zianze 2023, zifike hadi 4,000 ifikapo 2030. Tarehe 2 Oktoba 2023, mjini San Francisco, gari la Cruise lilimburuta mwanamke aliyekuwa ametoka kugongwa na gari jingine. California ikasimamisha kibali mwezi huohuo, na Desemba 2024 General Motors, mwenye kampuni, ikaacha kugharamia teksi hizo. Mkataba ulikuwa Dubai. Ulivunjwa nguvu na ajali ya Marekani. Sasa wamekuja wengine, Baidu ya China ikiwemo, na mwaka uliotajwa ni 2026. Kwamba ufundi umekua, nakubali bila ubishi, ila kukua huko kunasema zitakuja, hakusemi lini.

Basi, harakaharaka. Kabla ya kubashiri, andika maana ya kuanza: abiria yeyote, analipa, hakuna mfanyakazi garini. Tazama kampuni iliyotangaza ilichelewa kiasi gani kwenye ahadi zake za nyuma, uongeze muda huohuo. Tafuta kibali cha biashara, si cha majaribio. Kisipokuwepo na tarehe imekaribia, bashiri kuchelewa. Na wewe unayetaka kazi, achana na siku ya uzinduzi, uliza zitakuwa gari ngapi mkataba wako ukiisha. Lengo la Dubai la 2030 ni robo ya safari zote ziwe za kujiendesha, na treni za Metro, zisizo na dereva tangu 2009, zimo katika robo hiyo, kwa hiyo lengo hilo peke yake halikuambii idadi ya teksi.